Namna ya kutoa mafaili kwenye simu kwenda kompyuta bila kupoteza hata moja

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mbona kompyuta yangu haioni simu? Na ukifuatilia unakuta simu nzima, kompyuta nzima, mtu kachomeka waya, simu imeanza kuchaji vizuri tu, akifungua kompyuta hamna kitu, anachomoa anachomeka tena mara tatu nne, mwisho anachoka anaanza kujitumia picha mojamoja WhatsApp ili azifungulie huko kwenye kompyuta. Hapo ndo panaponiuma, maana ukituma picha WhatsApp kama picha inabanwa, inayofika upande wa pili sio ile uliyopiga, imepunguzwa, na ukishafuta ya kwenye simu ukijua unayo kopi basi ile nzuri ndo imeenda hivo. Sasa ngoja niandike taratibu kuanzia waya, mtu afuate mwenyewe.

Waya kwanza kabla ya kitu chochote

Usiguse setingi yoyote kabla hujaujua waya wako. Ndani ya waya wa kawaida wa USB 2.0 kuna nyuzi 4, mbili zinapitisha umeme na mbili zinapitisha data. Kuna nyaya zinatengenezwa na zile mbili za umeme tu, hasa zile fupi fupi zinazokuja na pawabenki, spika ndogo, taa za kuchaji na vitu kama hivo, na kwa nje huwezi kuzitofautisha, kichwa kilekile, rangi ileile. Waya wa hivo utachaji simu mpaka asilimia 100 ila kompyuta haitajua kabisa kwamba kuna simu, na wewe utakaa unahangaika na setingi saa nzima bure.

Kupima ni rahisi. Chomeka simu, sikiliza kompyuta. Windows huwa inatoa mlio wakati kitu kipya kimechomekwa, kama sauti imewashwa lakini kimya kabisa na simu inachaji tu, badilisha waya. Tumia waya uliokuja na simu yenyewe kama bado unao, au wowote ambao una uhakika umewahi kuhamisha vitu. Ukishaupata waya unaofanya kazi ufunge uzi au utie alama ya rangi, mimi wa kwangu nimeuzungushia gundi ya karatasi nyekundu karibu na kichwa na hauchaji simu ya mtu, kazi yake ni hiyo moja.

Kama ni kompyuta ya mezani, chomeka kwenye tundu la nyuma ya kasha, sio la mbele. La mbele limeunganishwa kwa waya wa ndani ambao unaweza kuwa umelegea, na usipitie kwenye habu, kile kidude cha kuongeza matundu ya USB, kama unaweza kuikwepa.

Simu ya Android kwa waya

Chomeka, alafu fungua loki ya simu. Hii watu wanairuka sana, simu ikiwa imefungwa kompyuta inaweza kuonyesha jina la simu lakini ukiingia ndani pako wazi, hamna folda hata moja, mtu anashtuka anadhani vitu vimefutika. Havijafutika, simu inakulinda tu, weka patani au namba ya siri kwanza.

Sasa vuta pazia la juu la simu ushuke chini kabisa kwenye zile notifikesheni. Kuna mstari mmoja mdogo umekaa kwa unyonge huko chini, umeandikwa kitu kama Charging this device via USB. Mstari huo ndo mlango wenyewe. Ubonyeze, kwenye simu nyingi inabidi ubonyeze mara mbili, ya kwanza unatanuka ya pili unafunguka, utaletewa orodha ya machaguo, chagua File transfer, simu zingine zimeandika File transfer / Android Auto, na kama simu yako umeiweka Kiswahili itakuwa kuhamisha faili. Ukichagua tu, kompyuta inalia, simu inatokea.

Kwanini isijifungue yenyewe? Zamani ilikuwa hivo. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015 simu ukiichomeka inaanza kwa kuchaji tu, mpaka wewe mwenye simu useme vinginevyo, na ni jambo zuri, maana bila hivo ungechomeka simu kwenye kompyuta yoyote ya mtu kuchaji na yeye anachungulia picha zako.

Kwenye Windows fungua File Explorer, nenda This PC, utaona jina la simu yako pale pamoja na diski za kompyuta. Ingia, utakuta Internal shared storage au Internal storage, na kama una memori kadi nayo itakaa pembeni yake kama kitu cha pili. Ukiingia hapo ndani usiogope wingi wa folda, unazohitaji ni chache.

Picha na video ulizopiga kwa kamera ziko DCIM, alafu Camera. Skrinishoti ziko DCIM au Pictures, inategemea simu. Ulivyodaunlodi kwenye brauza viko Download. Za WhatsApp ndo zinazosumbua watu, maana zamani folda ya WhatsApp ilikaa hapo hapo nje, kuanzia Android 11 ikahamishiwa ndani zaidi, njia ni Android, alafu media, alafu com.whatsapp, alafu WhatsApp, alafu Media. Hapo utakuta picha, video, dokyumenti na sauti kila kimoja na folda yake, na ndani ya folda za picha na video kuna nyingine inaitwa Sent ambayo ni vile ulivyotuma wewe.

Kuna siku nilimsaidia dada mmoja kutafuta sauti za marehemu baba yake. Simu ilikuwa imeanza kuzima zima yenyewe na yeye alichotaka ni zile sauti tu, hakujali kingine. Tukaingia WhatsApp Voice Notes, tukakuta folda nyingi zenye majina ya namba tupu, 202139, 202140, akadhani ni takataka za simu. Kumbe zile namba ni mwaka na wiki, 202139 ni wiki ya 39 ya 2021. Na kila faili ndani yake linaanza na PTT, alafu tarehe, mwaka kwanza mwezi alafu siku, alafu WA na namba. Tukapanga kwa tarehe, alikuwa anakumbuka mzee aliongea naye sana miezi gani, tukafungua moja tukasikia anaita jina lake. Sauti hizo zinaishia na .opus na kompyuta zingine hazizifungui, weka VLC ni ya bure inazipiga bila shida. Naeleza hili kwa urefu kwasababu ukikuta folda ya namba namba usiifute, ifungue kwanza.

Kopi, usikate

Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukiwa unatoa vitu kwenye simu kopi na upesti, yaani Ctrl na C alafu Ctrl na V. Usitumie kukata, Ctrl na X. Mimi nishapoteza video kwa hili. Nilikata folda nzima nikapesti kwenye kompyuta, katikati mtu akagusa meza, waya ukacheza, simu ikakatika sekunde moja tu. Nilipochomeka tena, video tatu kwenye simu hazipo na kwenye kompyuta zipo kwa jina, ukizifungua zinasema faili limeharibika. Zilikuwa za mtoto anaanza kutembea. Tangu siku hiyo sikati tena kitu kutoka kwenye simu, hata kama ni picha ya risiti.

Sababu ni kwamba simu haiunganishwi na kompyuta kama flashi. Flashi kompyuta inaishika yenyewe moja kwa moja, simu ya Android inatumia utaratibu unaoitwa MTP, yani kompyuta inaomba faili, simu inatoa, kompyuta inaomba lingine, simu inatoa, moja baada ya jingine. Ndo maana pia ukifungua folda yenye picha elfu kadhaa ile bari ya kijani hapo juu inatambaa taratibu mpaka unachoka, na ndo maana haifai kufungua dokyumenti ikiwa bado ndani ya simu ukaihariri hapo hapo, ikopi kwanza iwe kwenye kompyuta, ihariri, alafu uirudishe.

Utaratibu ninaoufuata: natengeneza folda kwenye kompyuta naipa jina la simu na tarehe ya leo, kwenye simu napanga picha kwa tarehe, alafu nachukua mafungu, mia tatu, mia tano, sio elfu sita kwa mkupuo. Fungu likikwama najua limekwama wapi. Nikimaliza nahakiki, nachagua folda ya kwenye simu nabonyeza kitufe cha kulia naingia Properties naangalia idadi ya mafaili na ukubwa, alafu nafanya hivohivo kwa ile ya kwenye kompyuta. Namba zikilingana nafungua chache kwa macho yangu, hasa za mwisho mwisho na video ndefu, maana zikikatika hizo ndo huwa za kwanza kuumia. Kufuta kwenye simu ni baada ya hapo, na kama ni vitu vya maana subiri mpaka viwe sehemu mbili, kompyuta na diski ya nje mfano.

Ukiwa na vitu vidogo vidogo vingi sana, kama stika au maelfu ya sauti fupi, vifunge zipu kwanza ukiwa kwenye simu kwa kutumia apu ya mafaili, alafu kopi hiyo zipu moja. Inaenda haraka mno ukilinganisha na kuvipeleka kimoja kimoja. Ila angalia kama diski au flashi unayopeleka ni ya mfumo wa FAT32, hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, itakukatalia hata kama nafasi iko tele.

Bado haionekani?

Umebadilisha waya, umefungua loki, umechagua File transfer na bado. Zima simu uwashe, na kompyuta pia, sio ushauri wa kizembe, MTP hukwama na kuwasha upya huwa kunaitoa. Ikishindikana, kwenye Windows fungua Device Manager, tafuta Portable Devices, ukiona jina la simu yako libonyeze kitufe cha kulia ulitoe kwa Uninstall, chomoa waya, chomeka tena, kompyuta itaweka upya dreva, ile programu ndogo inayoifanya itambue simu. Safisha pia tundu la simu kwa kijiti cha mbao kikavu, taratibu simu ikiwa imezimwa, vumbi la mfukoni linajaa mle waya haufiki mwisho, umeme unapita lakini data hapana.

Na kama faili umelipiga dakika mbili zilizopita na kompyuta hailioni, simu haijaliingiza kwenye orodha yake bado, izime uiwashe litatokea.

Kwa wenye Mac, Mac haisomi MTP yenyewe. Kulikuwa na programu ya Google inaitwa Android File Transfer, wameiacha mwaka 2024, sasa hivi weka OpenMTP ni ya bure. Linux nyingi hazihitaji chochote, simu inatokea tu kwenye kidirisha cha mafaili.

iPhone

Hii ina tabia zake. Chomeka, fungua loki, itakuuliza kama unaiamini hiyo kompyuta, bonyeza Trust uweke namba ya siri. Kwenye Windows utaona picha na video tu, usitafute vitu vingine havipo. Na kama umewasha iCloud Photos, ile hifadhi ya picha ya Apple ya mtandaoni, kwa mpango wa kubana nafasi, picha ambazo zimebaki juu kwenye iCloud hazitaonekana zote kwenye kompyuta, maana kiukweli hazipo kwenye simu, hizo zichukue kwa kuingia iCloud kwenye brauza.

Kosa linalotesa watu ni lile linalotokea katikati ya kukopi, Windows inasema kifaa kilichounganishwa hakifanyi kazi. Simu ni nzima. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 iPhone inahifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, na unapokopi inajaribu kuzigeuza kuwa JPG papo hapo, inazidiwa. Ingia setingi za Photos, shuka chini kabisa kwenye Transfer to Mac or PC, chagua Keep Originals, rudia kukopi, itapita. Zitakuja zikiwa HEIC, unaweza kuzigeuza baadae ukiwa umetulia.

Dokyumenti za ndani ya apu zinapatikana kwa programu ya Apple Devices au iTunes kwenye Windows, na kwenye Mac ni Finder yenyewe tangu mwaka 2019. Ila mwenye iPhone na Mac kwa vitu vichache atumie AirDrop tu, njia ya Apple ya kutumiana bila waya.

Bila waya kabisa

Kama tundu la simu limekufa au unahamisha vitu vichache, njia ninayoipenda ni LocalSend. Ni ya bure, ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, haina matangazo wala haikuombi akaunti. Iweke kwenye simu na kwenye kompyuta, viunganishe vyote kwenye waifai moja, fungua pande zote mbili, kila kimoja kitaona jina la mwenzake, chagua vitu, tuma, kubali upande wa pili. Haitumii bando lako, vitu vinapita humo humo ndani kati ya simu na kompyuta. Huna waifai? Washa hotspoti ya simu, kompyuta ijiunge nayo, kwenye Android inafanya kazi hata kama data ya simu umeizima, na ni vizuri uizime kweli, maana kompyuta ikishaona intaneti inaweza kuanza kujisasisha na kulamba bando lote. Zikikataa kuonana, mara nyingi ni ukuta wa ulinzi wa Windows, ingia setingi za mtandao uiweke hiyo waifai kuwa Private. Waifai za wageni nazo mara nyingi zimezuia vifaa visionane, hapo rudi kwenye hotspoti.

Kuna Quick Share ya Google pia kwa wenye Android na Windows, nzuri kwa kutuma, ila haikuruhusu kuingia na kuzunguka kwenye folda.

Ukitaka kuzunguka kwenye folda bila waya tumia FTP, njia ya zamani ya kupitisha mafaili kwa mtandao. Apu nyingi za mafaili zinayo, CX File Explorer mfano, tafuta sehemu ya kufikia kwa mtandao, bonyeza anza, itakupa anwani inayoanza na ftp:// alafu namba namba kama 192.168.1.5:2121. Anwani hiyo usiiandike Chrome, brauza kubwa ziliacha kusoma FTP mwaka 2021 na wengi wanakwamia hapo hapo, iandike kwenye ule mstari wa juu wa File Explorer, bonyeza Enter, weka jina na pasiwedi ulizopewa na apu, folda zote za simu hizo hapo. Kitu kimoja tu, FTP haifichi kinachopita, hata pasiwedi inapita wazi, kwahiyo iwe mtandao wako mwenyewe na ukimaliza rudi kwenye apu uisimamishe.

Kioo kimevunjika

Kama simu inawaka ila kioo hakigusiki, nunua kale kadude ka OTG kanakochomekwa kwenye tundu la simu, weka mausi ya waya, utaona mshale unatokea kwenye skrini, chora patani kwa mausi, alafu washa apu ya FTP au LocalSend maana tundu lishajaa. Chonde chonde simu ikiwa hivo usiizime kama bado iko wazi, ikizima na kuwaka upya mafaili yanabaki yamefungwa kwa siri mpaka uandike namba yako, na bila kioo hiyo ni kazi kweli kweli.

Kompyuta ya mtu

Ukichomeka kwenye kompyuta isiyo yako kuprinti kitu kimoja, usichague File transfer ukamuachia mtu simu iko wazi. Weka hilo faili moja kwenye flashi, au litume kwa LocalSend kwa mwenye kompyuta. Kama imebidi uchomeke, kaa hapo hapo mpaka iishe, fungia loki, chomoa, alafu futa faili lako kwenye kompyuta yake na ulitoe na kwenye Recycle Bin. Mwenye iPhone aliyebonyeza Trust kwenye kompyuta ya watu, ingia General, alafu Transfer or Reset, alafu Reset, chagua Reset Location & Privacy, itasahau kompyuta zote ulizowahi kuziamini, na yako ya nyumbani itakuuliza upya ukiichomeka.